Kipokezi cha Redio cha Kusikilizia Marubani: Somo la Fizikia kutoka Nyegezi

Utangulizi

Nyegezi iko kusini mwa jiji la Mwanza, kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, mahali ambapo vilima vya mawe vinakaribia kugusa maji. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko upande wa kaskazini wa jiji, katika Ilemela, nao pia umepakana na ziwa. Kati ya sehemu hizo mbili kuna umbali wa kilometa zipatazo 15 kwa mstari ulionyooka. Mwanafunzi aliyesimama ufukoni Nyegezi huziona ndege zikishuka au zikipaa juu ya maji, na haichukui muda kabla hajauliza: rubani anazungumza na nani, na je, mazungumzo hayo yanaweza kusikika kwa redio?

Swali hilo lina sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni ya fizikia: mawimbi hayo ni ya namna gani na yanafika wapi? Sehemu ya pili ni ya ununuzi: kipokezi kipi kinaweza kuyapokea? Sehemu ya tatu ni ya sheria: je, ni halali kuyasikiliza? Shule nyingi huanza na sehemu ya pili, zikatumia fedha, kisha zikagundua kwamba chombo hakisikii kitu, au kwamba hakikupaswa kununuliwa bila idhini. Makala haya yanazieleza sehemu zote tatu, ili mwalimu aweze kuamua kabla ya kufungua mfuko.

Mwanza si mgeni wa mambo ya anga. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari za kila juma za kuchukua barua kutoka London hadi Mwanza, na sehemu ya mwisho ya safari hiyo ilifanywa kwa ndege zinazotua majini. Mwaka uliofuata njia hiyo iliendelezwa hadi Cape Town. Hivyo, kwa muda mfupi, ufuko wa Mwanza ndio uliokuwa kikomo cha njia ya barua za anga kutoka Ulaya hadi Afrika ya Kati.

Mazungumzo ya anga hupita katika masafa gani?

Redio za kawaida za nyumbani hupokea makundi mawili au matatu ya masafa. Kundi la AM la wimbi la kati liko kati ya kilohezi 530 na 1,600 hivi. Kundi la FM liko kati ya megahezi 88 na 108. Redio nyingine huwa pia na mawimbi mafupi.

Mazungumzo ya rubani na mwongoza ndege yana nafasi yake mwenyewe, juu kidogo ya FM. Kutoka megahezi 108 hadi karibu 118 kuna mitambo inayoonyesha ndege njia na mwelekeo wa uwanja. Kutoka megahezi 118 hadi 137 kuna sauti za watu. Masafa ya megahezi 121.5 yametengwa duniani kote kwa ajili ya hatari na msaada.

Urefu wa wimbi hupatikana kwa kugawa mwendo wa mwanga kwa masafa. Kwa megahezi 120:

300 ÷ 120 = meta 2.5

Hesabu hii fupi itatumika tena tutakapofika kwenye eriali.

Ndege zinazopita juu ya bahari kuu au nchi kame zisizo na vituo vya karibu hutumia pia mawimbi mafupi, kati ya megahezi 3 na 23 hivi, ambayo hurudishwa chini na tabaka za juu za anga na kusafiri maelfu ya kilometa. Sauti katika mawimbi hayo hutumwa kwa upande mmoja tu wa wimbi. Redio ya kawaida ya mawimbi mafupi ikiyapokea hutoa sauti isiyoeleweka, kama ya bata. Anayetaka kuyasikia huhitaji kipokezi chenye swichi maalumu ya SSB.

Kwa nini AM na siyo FM?

Wanafunzi wamefundishwa kwamba FM ina sauti safi zaidi kuliko AM. Basi inashangaza kwamba marubani, ambao maisha ya watu yamo mikononi mwao, bado hutumia AM hata leo.

Katika AM, sauti hubebwa kwa kubadilishwa kimo cha wimbi: sauti ikiwa kubwa kimo hubadilika sana, ikiwa ndogo hubadilika kidogo. Katika FM kimo hakibadiliki; hubadilika masafa. Kipokezi cha FM kina tabia moja ya pekee: vituo viwili vikitangaza kwa masafa yale yale, chenye nguvu hukimeza kidogo, na msikilizaji hajui kwamba cha pili kilikuwapo. Katika burudani tabia hiyo ni faida. Katika anga ni hatari, kwa sababu rubani wa mbali anayeomba msaada angeweza kufunikwa kabisa na rubani wa karibu anayeuliza hali ya hewa. Katika AM sauti zote mbili husikika, angalau kama mvurugo, na mwongoza ndege hujua kwamba kuna mtu mwingine aliyesema.

Lakini AM nayo ina udhaifu wake. Mitambo miwili ikituma pamoja, masafa yake hayalingani kabisa. Tuseme mmoja uko kwenye megahezi 118.100 na mwingine kwenye 118.101. Tofauti ni hezi 1,000, na tofauti hiyo husikika kama mluzi mkali unaofunika maneno.

Mluzi wa namna hiyo umo katika kumbukumbu za ajali iliyoua watu wengi kuliko zote katika historia ya ndege za abiria. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan American, zilikuwa katika njia moja ya kurukia huku ukungu ukiwa umetanda. Mwongoza ndege aliiambia ndege ya KLM ingoje. Wakati huo huo rubani wa Pan American alisema kwamba bado wako njiani. Sauti hizo mbili zilipishana, na ndani ya chumba cha marubani wa KLM kilichosikika kwa sekunde kadhaa kilikuwa mluzi. Ndege ya KLM iliendelea kukimbia, na watu 583 walikufa. Ajali ile ilikuwa na sababu nyingi, lakini mluzi huo ulikuwa mojawapo. Mwanafunzi anayeelewa tofauti ya masafa mawili ameelewa pia kwa nini marubani hufundishwa kusikiliza kwanza, kusema kwa ufupi, na kurudia kila amri waliyopewa.

Mawimbi haya yanafika wapi?

Mawimbi ya megahezi 118 hadi 137 hayarudishwi na anga. Husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo huzuiwa na kilima na pia na mviringo wa dunia. Hewa huyapinda kidogo kuelekea chini, hivyo hufika mbali kidogo kuliko jicho linavyoona. Kanuni inayotumika ni hii:

Umbali (km) = 4.12 × (√kimo cha ndege + √kimo cha eriali)

Vimo vyote viwili ni kwa meta, na hapa vinapimwa kutoka usawa wa maji ya ziwa.

Tuchukue eriali iliyowekwa meta 4 juu ya usawa wa ziwa, pale Nyegezi. Kipeuo cha pili cha 4 ni 2.

Ndege iliyo meta 3,000 juu ya ziwa: 4.12 × (54.8 + 2) = kilometa 234.

Ndege ya safari ndefu iliyo meta 10,000 juu ya ziwa: 4.12 × (100 + 2) = kilometa 420.

Kutoka Nyegezi hadi Bukoba ni kilometa zipatazo 183 kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo rubani aliye meta 3,000 juu ya Bukoba anaweza kusikika Nyegezi, ng'ambo ya ziwa. Lakini anaposhuka kutua atapotea. Atapotea akiwa katika kimo gani? Tukigeuza kanuni:

183 ÷ 4.12 = 44.4
44.4 − 2 = 42.4
42.4 × 42.4 = karibu 1,800

Yaani chini ya meta 1,800 hivi juu ya ziwa, mviringo wa dunia utaikata sauti yake.

Sasa lipo jambo ambalo huwakatisha tamaa wanunuzi wengi. Mnara wa kuongozea ndege wa Mwanza uko karibu zaidi ya mara kumi kuliko Bukoba, lakini kati yake na Nyegezi kuna jiji lililojengwa juu ya vilima vya mawe. Msikilizaji aliye ufukoni anaweza kumsikia rubani aliye mbali, asimsikie kabisa mwongoza ndege aliye jirani. Atasikia jibu bila swali. Wengi hudhani kipokezi ni kibovu wakakirudisha dukani. Kipokezi hakina ubovu. Mwamba ndio uliosimama njiani. Dawa yake ni kupanda juu, siyo kununua chombo cha bei kubwa zaidi.

Kuchagua kipokezi

Mambo yafuatayo yaangaliwe kabla ya kulipa.

(a) Masafa. Kipokezi kionyeshe kwa maandishi kwamba kinapokea megahezi 118 hadi 137. Redio nyingi huandikwa AIR kwenye sehemu hiyo.

(b) Namna ya kupokea. Katika masafa hayo kipokezi lazima kipokee AM. Zipo redio ndogo za mawasiliano zinazofika megahezi 136 lakini kwa FM tu, hizo hazifai.

(c) Kuchagua kituo. Kipokezi chenye mshale unaosogea juu ya mstari ni cha bei nafuu, lakini megahezi 19 zote zimebanwa katika nafasi ya vidole vitatu, na haiwezekani kujua kama mshale uko 118.1 au 118.4. Kipokezi chenye tarakimu kinachosogea kwa hatua za kilohezi 25 kinafaa zaidi kwa darasa. Katika Ulaya hatua zimepunguzwa hadi kilohezi 8.33 kwa sababu ya wingi wa ndege.

(d) Kizimakelele. Rubani husema sekunde chache, kisha kunakuwa kimya kwa dakika nyingi. Bila kitufe cha kuzima mvumo katikati ya maneno, spika hunguruma mfululizo, na darasa halitavumilia.

(e) Umeme. Betri zinazopatikana madukani zinafaa kuliko betri ya umbo la pekee ambayo ikifa hakuna mbadala.

(f) Kisiweze kutuma. Hili ni la usalama. Chombo chenye kitufe cha kusemea kinaweza kubonyezwa kwa mzaha au kwa bahati mbaya, na msomaji ameona hapo juu mluzi wa sekunde kadhaa unaweza kuchangia nini. Shule inunue chombo cha kupokea tu.

Siku hizi kuna pia vipokezi vidogo vinavyochomekwa kwenye kompyuta, na kazi ya kutenganisha sauti na wimbi hufanywa na programu. Vina faida kubwa kwa mwalimu: wimbi huonekana kwenye kioo, na wanafunzi wanaweza kuona kwa macho pande mbili za wimbi la AM zikicheza pamoja na sauti.

Onyo kuhusu redio za FM

Wapo watu wanaosema wamewahi kuwasikia marubani kwenye redio ya kawaida ya FM, na wengine huuza redio kwa sifa hiyo. Jambo hilo linawezekana, lakini ni kasoro. Ndani ya redio ya FM kuna kitengenezaji wimbi kinachofanya kazi megahezi 10.7 juu ya kituo kilichochaguliwa. Redio ikiwekwa 100.7, wimbi la ndani huwa 111.4. Kituo cha 100.7 hutofautiana nalo kwa 10.7, lakini wimbi la 122.1 nalo hutofautiana nalo kwa 10.7 vile vile. Redio isiyochuja vizuri huyapitisha yote mawili. Sauti hutoka hafifu na imeharibika, maana redio inajaribu kuisoma AM kama FM. Asiye na habari hiyo ataandika kwamba marubani wako kwenye 100.7, na ataandika uongo bila kukusudia.

Eriali

Eriali nyepesi kuliko zote ni waya uliosimama wima wenye urefu wa robo ya wimbi. Kwa megahezi 120 wimbi lina meta 2.5, na robo yake ni sentimeta 62.5. Isimame wima, kwa sababu mawimbi ya ndege hutumwa yakiwa wima. Eriali ya namna hiyo iliyoinuliwa juu ya paa itafanya kazi kuliko eriali ya gharama iliyowekwa ndani ya chumba cha bati. Lakini bonde la Ziwa Viktoria lina radi nyingi. Waya wa juu ya paa uchomolewe kila mawingu yanapokusanyika, na asiachiwe mwanafunzi kuushika.

Jinsi ya kuelewa kinachosemwa

Lugha ni Kiingereza cha maneno machache yaliyopangwa. Herufi husemwa kwa majina ili zisichanganywe, kwa mpangilio unaotumika kimataifa tangu mwaka 1956. Ndege za Tanzania zina alama inayoanza na 5H, za Kenya 5Y, na za Uganda 5X.

Saa za anga ni saa za kimataifa, nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kwa msemaji wa Kiswahili hesabu ni nyepesi kuliko kwa wengine: toa 3, na jibu ni saa ya Kiswahili. Saa 0600 ya kimataifa ni saa 3 asubuhi. Saa 1030 ni saa 7 na nusu mchana.

Kanieneo ya hewa nayo hutajwa. Kipimahewa kilichowekwa ufukoni Mwanza husoma hektopaskali zipatazo 885, kwa kuwa ziwa liko meta zaidi ya 1,130 juu ya bahari. Lakini mwongoza ndege hutaja tarakimu inayozidi 1,000. Hakuna aliyekosea: tarakimu yake imehesabiwa kana kwamba uwanja uko usawa wa bahari, ili kipimakimo cha ndege kionyeshe kimo kutoka baharini.

Sheria

Sehemu hii isirukwe. Mazungumzo ya anga hayafichwi kwa msimbo, lakini kusikika kwa urahisi hakumaanishi kuruhusiwa. Kanuni za Redio za Shirika la Kimataifa la Mawasiliano zinazitaka nchi wanachama zizuie kunaswa, bila idhini, kwa mawasiliano yasiyokusudiwa umma. Nchi zinatofautiana: Marekani huruhusu kusikiliza mawasiliano ya ndege, Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, hairuhusu bila idhini. Nchini Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila mamlaka halali.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya ununuzi ni barua. Mkuu wa shule aiandikie Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, aeleze chombo, mahali na madhumuni ya masomo, na nakala apewe Mamlaka ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo inayoongoza ndege katika uwanja wa Mwanza. Jibu likiwa ni hapana, shule itakuwa imepoteza karatasi moja tu. Shule inaweza pia kuomba wanafunzi waruhusiwe kuutembelea mnara, ambako watasikia pande zote mbili za mazungumzo pasipo kununua chochote.

Iko pia sheria ya utu. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Watu 43 walikuwamo. 19 walifariki na 24 waliokolewa. Wavuvi wenye mitumbwi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kufika. Ziwa hili ndilo lile lile linaloonekana kutoka Nyegezi. Anayesikiliza sauti za anga ajue kwamba siku moja anaweza kusikia sauti ya mtu aliye katika taabu. Sauti hiyo si ya kurekodiwa na kusambazwa, wala si ya kusimuliwa barazani kabla jamaa za wahusika hawajapata habari. Kazi ya msikilizaji ni kupiga simu namba 112 na kuiacha njia wazi.

Jaribio lisilohitaji idhini

Wakati barua ikingoja majibu, somo laweza kuanza kwa redio yoyote ya FM, maana matangazo ya FM ni ya umma na masafa yake yana tabia ile ile ya kwenda kwa mstari ulionyooka.

1. Chagua kituo cha FM ambacho mnara wake mnajua uliko.
2. Tembeeni na redio kuzunguka kilima cha mawe, mkiandika kila baada ya hatua 50 kama sauti ni safi, ina mkwaruzo, au imepotea.
3. Chora ramani ya kilima na kivuli chake cha redio.
4. Pandeni juu ya kilima na kurudia. Linganisheni.

Darasa litakalochora kivuli hicho litajua, kabla ya kununua chochote, mahali pa kuweka eriali na mahali pasipofaa.

Maswali

1. Ndege iko meta 2,500 juu ya ziwa na eriali iko meta 4. Umbali wa mwisho wa kusikika ni kilometa ngapi?
2. Robo ya wimbi la megahezi 121.5 ina sentimeta ngapi?
3. Rubani anataja saa 1130. Ni saa ngapi kwa Kiswahili?
4. Redio ya FM imewekwa 101.6 na sauti ya rubani inasikika. Rubani yuko kwenye masafa gani?

Majibu: 1. Kilometa 214. 2. Karibu 62. 3. Saa 8 na nusu mchana. 4. Megahezi 123.0.

Hitimisho

Kipokezi cha masafa ya anga ni chombo kidogo kinachofundisha mambo mengi: mawimbi, mviringo wa dunia, kanieneo, na nidhamu ya maneno. Lakini thamani yake hutegemea mpangilio wa hatua. Kwanza idhini, pili mahali pa eriali, tatu chombo. Shule itakayougeuza mpangilio huo itanunua ngurumo. Itakayoufuata itakuwa imepata darasa lenye upeo wa kilometa mia nne.